Koti la Ngozi la Lucia Mwandu

Katika miaka ile ya tisini, watu wa Makanyagio hawakuhitaji saa ya ukutani kujua kama muuguzi Lucia Mwandu ameshaondoka. Pikipiki yake ilikuwa na kikohozi chake. Ikikohoa mara tatu na kuwaka, basi ni saa moja asubuhi, na kina mama wa Kabungu watachanjiwa watoto wao. Ikikohoa zaidi ya hapo, ujue Lucia ameshuka na anaisema kwa Kisukuma, na pikipiki ile, sijui kwa nini, ilikuwa inasikia.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mirefu na mabega ya mtu aliyeshika plau tangu utotoni. Baba yake, mzee Mwandu, alihama Shinyanga na ng'ombe wake na kupiga kambi huku kwetu Mpanda, akamsomesha binti mpaka akawa muuguzi. Pikipiki ya chanjo ilipoletwa ofisi ya afya mwaka tisini na nne, wanaume wa ofisi waliifikiria barabara ya Kabungu na mchanga wake, na kila mmoja akakumbuka mgongo unamsumbua. Lucia akasema, "Nipeni mimi."

Alijifunzia kwenye kiwanja cha mpira, wiki mbili, mbele ya watu waliokuja kumwona akianguka. Wala hakuwanyima. Alianguka, akainuka, akakung'uta kitenge chake alichokivaa juu ya suruali, akauliza kama kuna aliyekaa vibaya hakuona vizuri, ili arudie. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kumpenda.

Lakini mwaka tisini na sita alianguka kwenye kona ya kuingia Kabungu, akiwa na kitenge na sweta tu. Sweta ikabaki barabarani, na ngozi ya kiwiko cha kushoto ikabaki hapo hapo. Alirudi ofisini na bandeji toka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Mganga mkuu wake, Bwana Silvesta, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na woga wake aliuita utaratibu.

"Dada Lucia," alisema, "mimi nitamwambia nini baba yako? Siku za chanjo ya polio zinakuja, mwezi wa nane. Nikikuona na bandeji nyingine, funguo za pikipiki nampa Damiano. Wewe utabaki hapa kliniki."

Damiano alikuwa tarishi wa ofisi, kijana mpole, asiyejua hata mtoto huchanjwa wapi. Lucia alijua maana ya maneno yale. Damiano angefikisha sanduku la chanjo, ndiyo, angeliweka chini na kugeuza. Nani angekaa na kina mama mpaka yule wa mwisho, aliyetembea tangu alfajiri akitoka shambani? Alirudi nyumbani akiwa na hasira, na hasira ya Lucia haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya kutafuta dawa.

Dawa aliipata kwa padri mmoja aliyepita Mpanda na pikipiki kubwa, amevaa koti la ngozi ya ng'ombe, nene, lenye viraka vya ngozi maradufu mabegani na kwenye viwiko. Padri akamwambia limeshonwa Tabora, na fundi aitwaye Bartolomeo, mzee aliyekuwa akishona matandiko ya farasi enzi za zamani. Huna haja ya kwenda, padri akasema. Unaandika barua, unatuma vipimo, koti linakuja kwa treni.

Lucia alikwenda moja kwa moja kwa Jean-Marie, fundi cherehani aliyeshona kwenye kibaraza cha duka pale Makanyagio. Jean-Marie alizaliwa Burundi na kukulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, na alikuwa fundi mzuri, hilo lazima lisemwe. Lakini alikuwa pia katekista, na katika kupima wanawake alikuwa na utaratibu wake usiovunjika. Mteja anasimama wima, mikono chini, kama yuko kwenye foleni ya komunyo. Kifuani anajizungushia tepu yeye mwenyewe, juu ya nguo alizovaa. Jean-Marie anageukia barabarani, anauliza, "Ngapi?" Akijibiwa, anaongeza inchi nne. Ukimuuliza za nini, anasema ni za heshima.

Hivyo ndivyo alivyowapima wanawake wote wa Makanyagio, na magauni yao yaliwakaa vizuri, maana gauni likiwa pana kidogo linapendeza. Lucia naye alipimwa hivyo hivyo, akaandika namba zote kwenye karatasi, akazipeleka posta, akaanza kusubiri.

Koti lilifika baada ya wiki tano. Alilifungua kibarazani kwa Jean-Marie, majirani wamemzunguka. Ngozi ilikuwa nzuri, inanukia, imeshonwa kwa uzi wa kushonea viatu. Akavaa. Mtu mmoja akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Kifuani lingemtosha Lucia na mgonjwa wake.

"Ngoja nipande nalo pikipiki," alisema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukata tamaa kibarazani.

Alizunguka nalo mpaka njia ya Kawajense. Upepo uliingia kwa chini, koti likavimba mgongoni kama gunia la pamba. Na alipoinama kushika mpini wa pikipiki, mikono ya koti ilirudi nyuma, vifundo vya mikono vikabaki wazi. Viraka vya viwiko vikapanda juu ya mkono, na kiwiko chenyewe, kile chenye kovu bichi, kikabaki bila kinga. Pana kifuani, fupi mikononi! Alirudi nyumbani taratibu, akalivua, akalirudisha kwenye boksi lake.

Barua ya mzee Bartolomeo, alipojibu malalamiko yake, ilikuwa fupi.

"Binti yangu, namba zako nimezifuata moja moja, sijakosea hata uzi. Lirudishe. Upana nitaupunguza, hiyo ni kazi ndogo. Mikono nitakata mipya, lakini ngozi ya rangi hiyo imebaki ya kukata mara moja tu. Nikikosa tena, siwezi kukusaidia. Kwa hiyo usinitumie tena namba. Tafuta namna ya kuniletea mwili wako nikiwa huku huku Tabora."

Ilikuwa katikati ya mwezi wa saba. Lucia aliisoma barua ile mara nne, akaenda nayo kambini kwa baba yake kumsalimia, maana alikuwa na mzigo moyoni na hakujua pa kuutua.

Alimkuta mzee Mwandu anachonga nira kwa ajili ya maksai mpya. Yule ng'ombe alikuwa amesimama anacheua, shingo juu, na Lucia, akitaka kusaidia, akachukua kamba ampime shingo. Baba yake akamzuia.

"Acha, mwanangu. Huyo hapo amepumzika. Shingo ya ng'ombe aliyepumzika si shingo ya ng'ombe anayevuta." Akamfungia maksai gogo, akamwamrisha avute. Ng'ombe akashusha kichwa, mabega yakajaa, shingo ikabadilika kabisa. Hapo ndipo mzee alipozungusha kamba, akapiga fundo. "Ukimpima akiwa anacheua, siku ya kulima nira inamchuna."

Lucia alibaki amesimama na mikono yake mirefu ikining'inia. Alikuwa ameiona kazi ile mara mia tangu utotoni. Alipimwa akiwa anacheua! Fundi wa Tabora hakukosea, na Jean-Marie naye hakukosea. Walimshonea mwanamke aliyesimama kwenye foleni ya komunyo, wakati yeye alitaka koti la mwanamke aliye juu ya pikipiki, ameinama, mikono mbele, kona ya Kabungu iko mbele yake. Alimshukuru baba yake kwa haraka mpaka mzee akashangaa, akawasha pikipiki, ikashika kwa mara ya kwanza.

Kesho yake mchana alimwomba Épiphanie, mke wa Jean-Marie, waingie uani kwake. Pikipiki wakaisimamisha katikati ya ua. Lucia akavaa blauzi nyepesi, ile atakayoivaa ndani ya koti, akapanda, akashika mpini, akainama kama yuko barabarani. Épiphanie akachukua kamba ya katani.

Tatizo likawa moja. Épiphanie hakujua fundi hupima kuanzia wapi hadi wapi, na anayejua alikuwa mumewe, ambaye hata kwa mtutu wa bunduki asingeingia uani kumtazama mwanamke aliyeinama. Basi Jean-Marie akasimama nje ya uzio wa mabua, mgongo ameugeuzia ua, akawa anaelekeza kwa sauti ya kanisani.

"Anza mfupa wa shingo! Pita begani! Shuka mpaka kiwiko, hapo piga fundo moja!"

"Kiwiko amekikunja!" Épiphanie alijibu.

"Mwache akikunje! Si ndivyo anavyoendesha? Fuata kwa nje, si kwa ndani! Halafu mpaka kifundo cha mkono, piga mafundo mawili!"

"Nimepiga!"

"Kifua sasa. Kamba imguse. Usiache nafasi."

Épiphanie akamkonyeza Lucia. "Na zile inchi nne za heshima, baba watoto?"

Nje ya uzio walimsikia Jean-Marie akikohoa. "Nyie wanawake," alisema mwishowe. "Heshima yake safari hii ni kubaki na ngozi yake. Usiongeze kitu."

Lucia alicheka mpaka pikipiki ikataka kumwangusha. Baadaye alisema kwamba hakuna neno zuri alilowahi kuambiwa na katekista kuliko lile.

Walipata kamba sita. Kila moja waliifunga kipande cha karatasi: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mgongo, kifua, kiuno, shingo. Wakazitia zote ndani ya koti, koti likapanda treni kurudi Tabora. Siku zikaenda. Lucia alikwenda stesheni kila treni ilipofika, mpaka mkuu wa stesheni akawa anamtikisia kichwa akiwa bado mbali. Boksi lilifika Jumamosi. Chanjo ilikuwa inaanza Jumatatu.

Safari hii hakulifungulia kibarazani. Alilivaa chumbani peke yake, na aliposimama wima mbele ya kioo lilimkaa ajabu kidogo, mikono mirefu kupita kiasi, mgongo umeshuka. Kisha akatoka, akapanda pikipiki, akainama, na kila kitu kikaenda mahali pake. Mikono ikafika kwenye vifundo na kukomea hapo. Viraka vikakaa juu ya viwiko kama vimeota pale. Alikaa kwa muda mrefu juu ya pikipiki iliyozimwa, kwa furaha tu.

Jumatatu aliondoka na sanduku la chanjo nyuma. Na kwenye kona ileile ya kuingia Kabungu, mbuzi watatu wakakatiza. Akaanguka. Alianguka upande wa kushoto, kwa kile kiwiko, akaburuzwa hatua kadhaa mchangani. Akainuka. Akalikagua sanduku kwanza, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Halikufunguka. Kisha akakunja mkono, akaukunjua, akaendelea na safari. Mama wa mwisho alichanjiwa mtoto wake jua likianza kushuka, naye alitokea shambani, mbali, kama Lucia alivyojua angetokea.

Bwana Silvesta alikuwa bado yuko ofisini aliporudi. Aliona vumbi, akaona mpini uliopinda kidogo, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye droo ya funguo, ukaifungua.

"Umeanguka, Dada Lucia."

"Nimeanguka, mkuu. Pale pale."

"Bandeji iko wapi?"

Lucia akamnyooshea mkono wa kushoto. Kwenye kiwiko, ngozi ya juu ya kile kiraka ilikuwa imechunika vibaya, imeonyesha ngozi ya pili, nyeupe. Mchubuko ulianza na kuishia ndani ya kiraka, haukutoka nje hata kidogo. Akapandisha mkono wa koti. Ndani yake kulikuwa na kovu la zamani tu.

Bwana Silvesta aliupitisha mkono wake juu ya ile ngozi iliyochunika, mara moja, mara mbili. Droo akaifunga. Kisha akamwita Damiano kutoka chumba cha pili na kumwambia kwamba kuanzia mwezi ujao naye atapewa pikipiki, ya njia ya Karema, na kwamba hataipanda bila koti.

"Umpime wewe," Bwana Silvesta alimwambia Lucia.

Damiano akasimama wima katikati ya ofisi, mikono chini, kidevu juu, tayari. Lucia alimtazama, akacheka, akatoa kamba mfukoni.

"Siyo hapa, mdogo wangu," alisema. "Twende nje. Panda pikipiki."