Unga wa Mifupa ya Migebuka

Mimi ni mtu wa Moshi. Kigoma nililetwa na uhamisho, nikiwa nesi kijana mwenye mdomo, nikapanga chumba Ujiji. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka Kagunga, kijiji cha mpakani, kwa maboti na kupelekwa kambini. Si wote walioenda. Chumba cha nyuma kwenye nyumba yetu alipanga bibi mmoja Mrundi, na kila alasiri, saa yangu ya kujinyoosha kitandani, alitwanga kinu mpaka kuta zikatetemeka.

Siku moja nikamfuata nimefura.

"Shikamoo bibi. Hivi unatwanga mawe?"

"Marahaba mwanangu. Natwanga mifupa."

Mifupa ya migebuka, samaki wa ziwani, aliyoikausha jikoni. Aliisaga ikawa unga, akautia kwenye uji wa mjukuu wake. Mjukuu? Nilikuwa nimekaa pale masika nzima sijaona mtoto. Akasogeza pazia, na kwenye mkeka, gizani, kamekaa kasichana ka miaka kama miwili, kananichekea. Nikamsimamisha. Miguu ilipinda kwa nje, vifundo vya mikono vimetuna, na papo hapo akajikalia chini. Matege. Hakuwa amepiga hata hatua moja.

Mama yake alibaki ng'ambo kumtafuta mumewe. Alimwacha binti akitambaa, akamwambia bibi, nikija nimkute anatembea. Basi bibi akaona miguu ikiwa dhaifu, dawa yake ni kula mifupa. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana nusu ya hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nikaketi nikamweleza. Kalsiamu na fosfeti za kujengea mfupa zimo kwenye unga ule, sikatai. Ila utumbo hauipokei kalsiamu vizuri bila vitamini D, na hiyo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua. Damu nayo haikubali kupungukiwa kalsiamu, kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea. Shingoni kuna vijitezi ambavyo kazi yake ni kulinda hilo tu. Vikiona kalsiamu imeshuka, vinaiamuru mifupa itoe akiba yake, na figo nazo zinamwaga fosfeti kwenye mkojo. Mfupa unabaki laini, mtoto akisimama unapinda.

"Kumbe mimi namlisha mifupa, na mwili unamla mifupa," bibi akasema.

"Ndiyo hivyo. Mtoe nje."

Akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi. Mtoto alijua Kirundi tu, tena cha kupayuka. Akisikika barabarani wangepakiwa wote wawili kwenye lori la kambini, na mama akija Ujiji asingekuta mtu.

"Nimnyooshe miguu ili apande lori vizuri?"



Basi tukapatana amtoe uani tu, asifike barabarani. Hospitali nikapata matone ya vitamini D, na kila asubuhi kabla ya kazi nikaweka redio yangu dirishani, sauti hadi mwisho, ili ifunike sauti ya mtoto. Majirani wakaninunia, wakaniita mshamba wa Moshi, nami nikawaacha waseme. Binti alikaa mchangani kifua wazi, anafokeana na kunguru kwa lugha yake. Uji wa mifupa bibi hakuuacha, nami sikumkataza. Taratibu mtoto akaanza kujishika kwenye kinu, akasimama, akakizunguka.

Mama alikuja na boti la wafanyabiashara wa dagaa. Nilikuwapo. Alisimama barabarani na furushi lake, na bibi, aliyeufunga mlango wa barabarani muda wote ule, akaufungua wazi kabisa, akamshusha mjukuu kizingitini, akamwachia.

Akatoka akiyumba, miguu ingali na upinde kidogo. Mama yake alitazama miguu kwanza, uso baadaye. Binti akafika mbele yake, akainua kichwa, akamwamkia kwa Kirundi, kama anavyoamkiwa mgeni, "Amahoro." Alisema kwa sauti kubwa, katikati ya barabara, redio imezimwa, na bibi hakumziba mdomo.