Kufumua Rasta Kwenye Benchi la Hospitali

Kosa lilikuwa la nyumba nzima. Kwetu Lindi, mtaa wa mabanda hapa mjini, mtu haendi hospitali kubwa akiwa ovyo, wasije wakamdharau hata kabla hajaketi. Kwa hiyo mdogo wangu alipopewa siku ya kupimwa ubongo, nilimsuka rasta nyembamba, nikazipaka mafuta mpaka zikang'aa. Mama akampigia gauni pasi. Tukatoka sisi wawili kama tunaenda harusini.

Mpimaji alimtazama kichwani, akashusha pumzi.

"Hizi waya zinabandikwa kwa ngozi, madam. Na hapa ni mafuta tupu. Mfumue, muoshe, ama mrudi mwezi ujao."

Mwezi ujao! Nilitaka kumrukia. Mdogo wangu ni msusi, tena hodari, katika saluni moja ya mtaa wa Gatina. Alikuwa ameanguka kifafa akiwa ameshika nywele za mteja, povu likamtoka mdomoni, na wateja wakatoka mbio, wengine vichwa vimesukwa nusu. Tangu hapo hakuna aliyetaka vidole vyake, eti kifafa kinaambukiza. Mwenye saluni akamwambia apumzike nyumbani. Mama naye alisema ni mapepo, na kipimo kisipoonyesha kitu angemrudisha kijijini kwetu upande wa ziwa akaombewe. Maombi sikuyapinga. Ila kumtoa mjini ilikuwa ni kumnyang'anya kazi aliyoipenda kuliko chakula.

Basi tukakaa kwenye benchi la nje, tukaanza kufumua. Nilikuwa na hasira, nikamkwaruza kwa kitana mpaka akalalamika. Mama mmoja muuza mboga kutoka Kawangware, aliyemleta mumewe kupimwa, alitutazama kidogo, kisha akasogea.

"Lete hiyo kichwa huku. Wewe unamuumiza."

Hakuuliza anaugua nini. Kwenye benchi lile sote tulijua. Aliuliza kazi yake tu, akaambiwa msusi. Vidole vyake vikaingia kwenye nywele za mdogo wangu, na mdogo wangu akafumba macho. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, maana nilikuwa nalia.

Nywele zilipooshwa, waya zikashika, nami nikaruhusiwa kusimama pembeni. Kwenye skrini kulikuwa na mistari mingi midogo, kila mmoja na mwendo wake, kama ploti yetu ya vyumba vya kupanga asubuhi: huyu anakohoa, yule anafungua redio, mwingine anagombeza mtoto. Mpimaji akawasha taa ya kumwekamweka, ya kuuchokoza ubongo. Ghafla mistari yote ikapanda pamoja, ikashuka pamoja, kana kwamba kila nyumba imeanza kupiga sufuria kwa mpigo mmoja. Mara mwili wa mdogo wangu nao ukakakamaa, ukaanza kutikisika. Mpimaji akazima taa, akamlaza ubavu. Baadaye mistari ikalegea, ikawa mikubwa na ya polepole.

Muuza mboga alikuwa amesimama mlangoni. Kishindo cha kitanda kilimleta, akaona yote.

Mdogo wangu alipozinduka aliuliza kwa ulimi mzito, "Imeonekana?"

"Imeonekana," mpimaji akamjibu. "Ni stima ya ubongo inawaka yote mara moja. Hii daktari ako na dawa yake."

Mdogo wangu akacheka, akalia. Sijawahi kuona mtu akifurahia kuanguka.

Tulipotoka, muuza mboga akamshika mkono. "Kwani wewe husukia wapi?"

"Gatina. Lakini saa hii niko tu home, Lindi."

"Basi nitakuja Lindi. Jumamosi."

Mdogo wangu aliviangalia vidole vyake kwanza, kisha akamwambia aje mapema.