Kitanda cha Kwanza

Katika wodi yetu ya wanawake pale Mpanda, kitanda cha kwanza kiko ubavuni mwa meza ya wauguzi. Mgonjwa akizidiwa tunamsogeza hapo, awe karibu na macho yetu na karibu na mtungi wa oksijeni. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, na mimi, mwenye mdomo wa kumshauri kila mtu, sikuwahi kujiuliza wagonjwa wanakionaje.

Mama mmoja wa Kisukuma aliletwa kutoka Sibwesa akiwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema wazi: utolewe wiki hiyo hiyo, kwani akirudi nao nyumbani hatutamwona tena akiwa hai. Lakini woga ulimpandisha presha, upasuaji ukaahirishwa. Alilala mwisho wa wodi, dirishani, akisokota ncha ya kanga. Nilimwonea huruma. Asubuhi moja kitanda cha kwanza kilikuwa wazi, basi nikamhamishia hapo, nikamtandikia shuka safi na kumshika mkono.

"Hapa niko na wewe, mama. Usiogope."

Saa nane mchana nilipompima, presha ilikuwa imepanda zaidi. Uji haukuguswa. Alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye furushi, na mdogo wake aliyekuwa akimuuguza yuko nje na simu, anatafuta bodaboda ya kuwapeleka stendi.

Nilikasirika, sitaficha. "Mama, sisi tunahangaika na wewe, halafu unatukimbia?"

Aliyejibu ni bibi wa kitanda cha pili, mwenyeji wa kabila la Wakonongo aliyevunjika mguu, ambaye alikuwa amekaa wodini muda mrefu kuliko wote.

"Nesi, si nyie ndo mmemwambia anakufa?"

"Nani kamwambia?"

"Wewe. Umemleta hapo. Tangu nimekuja, wanaoletwa hapo wote wanatoka wamefunikwa."

Nikawakumbuka mmoja mmoja, nikaona bibi anasema kweli.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "nimeshampigia mume wangu. Nimemwambia ng'ombe yupi wamchinje msibani."

Niliona aibu, nikakaa pembeni ya kitanda chake. Nilimwomba msamaha. Nikamweleza kwamba nilimsogeza kwa ajili ya woga wake, si kwa sababu amezidiwa, na kwamba nilipaswa kumwambia kabla ya kugusa hata shuka.

"Kwa hiyo sifi?"

Neno "utapona" lilikuwa tayari ulimini, nimeshalisema mara nyingi mno. Safari hii nililimeza.

"Upasuaji una hatari yake, mama. Lakini daktari ana matumaini, na mimi ninayo. Ukienda nyumbani na huo uvimbe, hapo sina."

Kisha akaomba arudishwe dirishani. Nilimrudisha, na mdogo wake akafungua furushi. Kesho yake presha ilishuka, akatia dole gumba kwenye fomu, nami nikaisindikiza machela hadi mlango wa chumba cha upasuaji.

Nilirudi wodini nikakaa kukunja vitambaa vya kufungia vidonda ambavyo havikuhitajika. Niliogopa kuliko ndugu zake. Akifa, nilijiambia, hakuna mwanamke wa wodi hii atakayeniamini tena, na watakuwa na haki.

Alitoka akiwa hai, lakini pumzi yake ilikuwa ndogo. Alihitaji oksijeni, na mtungi ni ule mmoja tu, uliofungiwa ukutani penye kitanda cha kwanza. Wodi nzima ilikuwa ikiniangalia. Nilisimamisha machela katikati ya njia, nikainama sikioni mwake.

"Mama, nataka kukulaza kile kitanda. Sasa hivi ni kwa sababu unaumwa kweli, hewa iko pale. Sijakata tamaa na wewe. Unasemaje?"

Macho yalikuwa mazito. "Nilaze," akasema.

Siku mbili nilimpima kila nilipopata nafasi, na bibi wa kitanda cha pili aligeuza uso ukutani asione. Siku ya tatu, asubuhi, nilikuta mama ameshusha barakoa ya oksijeni mwenyewe na anapumua vizuri. Nilimuuliza kama nimrudishe dirishani.

"Bado," akasema, akinishika bega. "Kwanza niinue, mwanangu. Wenzangu wanione nimekaa."