Nepi Alizozianua Bhoke

Nikiwa mtoto wa darasa la nne kule Nyanungu, kazi yangu kubwa nikitoka shule ilikuwa nepi za mdogo wangu Marwa. Hazikuwa za dukani. Mama alichana kanga zake mbili kuukuu, akazikata vipande vya mraba, basi, hizo ndizo zikawa nepi. Nilizifua mtoni, nikazianika kwenye ua nyuma ya nyumba, na jua likikaribia kuzama nilitakiwa niwe nimezianua zote. Bibi yangu, mama yake baba, hakuwa na mchezo na jambo hilo. Alisema nepi ikikutwa nje na giza, mwenye jicho baya anaishika kidogo tu, na mtoto anaungua palepale nguo inapomgusa.

Jumamosi moja nilizianika, nikaenda zangu kucheza kwa rafiki yangu ng'ambo ya shamba. Mvua ikanikuta huko. Jirani yetu Bhoke, mjane ambaye hakujaliwa mtoto, aliziona zinaloa na nyumbani hakuna mtu. Akazianua, akazikausha kwake karibu na moto, akazikunja vizuri kuliko nilivyowahi kuzikunja mimi, kisha akatuletea. Kosa lake ni kwamba alipofika, jua lilikuwa limeshazama. Bibi alizipokea kwa ncha za vidole.

Siku ya tatu makalio ya Marwa yalikuwa mekundu na yametoka malengelenge, analia hata akiguswa na maji. Bibi hakuuliza swali hata moja. Alizitoa nepi zote nje akazichoma, na aliita majirani washuhudie. Hakumtaja Bhoke kwa jina. Alisema tu kwamba asiye na mtoto hashiki nguo za mtoto wa mwenzake gizani bila sababu, na kila mtu akaelewa.

Sasa niseme ukweli wangu, maana hasira niliyonayo haiwaangukii wao peke yao. Marwa alianza kuwa mwekundu tangu Alhamisi, kabla ya mvua, kabla Bhoke hajagusa chochote. Wiki ile mama alikosa sabuni ya mche akanunua ya unga, nami nikaipenda kwa sababu ya povu lake. Kusuuza sikupenda. Nilizichovya mara moja, nikakamua, nikaanika, zikakauka zimekakamaa kama ngozi ya ng'ombe. Nilijua kuna kitu sijafanya sawa. Nikanyamaza, kwa sababu fimbo ya bibi haikuwa ya kutishia.

Mama alimpeleka Marwa zahanati. Nami nilikwenda, nimebeba mfuko. Nesi, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, alimgeuza mtoto, akauliza nepi tunafulia nini na nani anafua. Mama akanitazama. Nesi akasema hiyo ni sabuni iliyobaki kwenye kitambaa, tusuuze mara tatu mpaka maji yatoke meupe, tumwache mtoto akae bila nepi apate hewa. Tulirudi nyumbani, mama akachana kanga nyingine ziwe nepi mpya, tukafanya hivyo. Ndani ya wiki moja Marwa alipona, na bibi akatangaza kwamba amepona kwa sababu alizichoma zile nepi.

Mama alikuwa amekaa palepale. Alijua. Hakusema neno. Mama yangu ni mtu mwema na ninampenda, lakini kimya kile sijakimeza hadi leo. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mkwe hamkatalii mama mkwe mbele za watu. Sawa, asingemkatalia mbele za watu. Je, hata kwenda kwa Bhoke peke yake, jioni moja, akamwambia samahani?

Maana Bhoke hakupoteza heshima tu. Kwetu Wakurya mwanamke asiye na mtoto hana haja ya kufa nyumba yake ikiwa tupu. Anatoa ng'ombe, anamwoa binti, na watoto atakaowazaa binti yule wanakuwa wa nyumba yake, wanamwita bibi. Tunaita nyumba ntobhu. Mwaka ule Bhoke alikuwa ameshazungumza na familia moja, na binti alishakuja kumsalimia. Habari za nepi zikawafikia. Wakasema binti yao hawezi kwenda kuzaa mikononi mwa mtu anayeunguza watoto. Alijaribu kwa watu wengine wawili, jibu likawa lilelile. Ilitosha mtu kusema lisemwalo lipo, na kesi ikaishia hapo, bila shahidi.

Mwaka huu nimepata mtoto wangu wa kwanza. Naishi Nkende, nafundisha, na walimu wenzangu wananicheka kwamba katika dunia ya pampasi mimi nahangaika na vitambaa. Nawaacha wacheke. Nimechagua pamba tupu, laini, nikazifua mara tatu kabla hazijamgusa mtoto, na nasuuza kama mtu anayelipa faini. Mama alikuja kunisaidia uzazi. Jioni ya kwanza alikimbilia kamba akisema, "Anua hizi kabla hazijaonwa."

Nikamuuliza, "Zionwe na nani, mama?"

Alizikumbatia zile nepi, akaingia nazo ndani.

Mtoto alipofikisha miezi minne nilimpeleka Nyanungu, moja kwa moja kwa Bhoke. Amezeeka, anaishi peke yake, na paa lake limelala upande mmoja. Nilimwamkia shikamoo, nikamnyooshea mtoto. Mikono yake akaiweka nyuma.

"Mama yako anajua uko hapa?"

Nikamwambia anajua, ingawa hakujua. Akaenda kunawa mbele yangu, polepole, mpaka kwenye viwiko, akihakikisha naona. Nililia pale. Nikamwambia yote: sabuni, kusuuza, kwamba Marwa aliungua kwa mkono wangu mimi.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nachota maji mtoni siku ile. Ulizichovya mara moja tu, ukakimbia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, na yeye ndiye aliyekuwa anapoteza kila kitu.

"Bibi yako angekuumiza. Ulikuwa mtoto."

Basi akampokea mwanangu. Mimi nilibaki nimesimama, nimejaa hasira isiyo na pa kwenda, kwa kuwa bibi ameshafariki na mama ni mzee. Katika watu wazima wote wa kijiji kile, aliyemlinda mtoto alikuwa yule waliyesema anadhuru watoto, na gharama yake ilikuwa watoto wake mwenyewe. Nilimwachia mwanangu mikononi mpaka alipochoka kumshika. Sidhani hilo linalipa chochote.