Kinyozi Aliyezuia Ndege Nne

Kambini walimwita Sifuri, kwa sababu ukishakaa kwenye kiti chake, hata uombe nini, utanyolewa sifuri. Unamwambia, "Mzee, punguza kidogo tu pembeni," naye anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa adabu zote, na baada ya dakika kumi kichwa chako kinang'aa. Miaka ishirini na sita aliwanyoa askari wa anga hivyo hivyo, kwenye chumba kilichobanana na stoo ya matairi.

Kiti chenyewe kilikuwa cha rubani, kilichong'olewa kwenye ndege kuukuu, na mkanda wake bado ulifanya kazi. Binti yake, alipokuwa mtoto asiyetulia, alifungwa mkanda huo kila mwezi, akinguruma kwa mdomo kama injini mpaka amalize kunyolewa. Msishangae basi kwamba alikuja kuwa rubani. Baba yake ndiye aliyeshangaa, maana siku zote alidhani mtoto ananguruma kwa hasira.

Sasa nchi ikanunua ndege nne za kivita ambazo rada haizioni. Seremala wa kambi aliuliza tutajuaje kama kweli wamezileta, akaambiwa afunge mdomo. Marubani wanne, binti akiwa mmoja wao na sasa ni kapteni, wakapelekwa ng'ambo miezi saba kuzisomea. Huko kila mmoja alitengenezewa helmeti ya kichwa chake peke yake. Kichwa kilipimwa kwa mwanga, pamoja na nywele zake, kwa sababu kasi, kimo na adui vyote huonyeshwa kwenye kioo mbele ya macho, na helmeti ikicheza hata kidogo, rubani haoni kitu cha maana. Wakaamriwa wasiguse nywele, wakatia sahihi. Kinyozi hakuambiwa chochote. Nani amkumbuke kinyozi kwenye mambo ya ulinzi wa taifa?

Walirudi Ijumaa. Sifuri alikuwa mlangoni, mashine inanguruma mkononi.

"Tulipeleka marubani, tumeletewa vichaka," alisema. "Meja, kaa."

"Mzee, safari hii tumeambiwa tusi..."

"Kaa."

Meja akakaa. Huyo ni mtu anayeweza kumbishia jenerali mezani. Lakini aliyekunyoa siku ya kwanza ya jeshi, ukimlilia mama yako, utamkataliaje? Wengine wawili wakafuata, wapole kabisa.

Binti alikuja mwisho. "Baba, zangu usiziguse. Ni amri."

"Amri ya nani?"

"Ya kikosi."

"Na mimi ni baba yako," alisema Sifuri, akamfunga mkanda.

Jumatatu helmeti zikacheza vichwani kama ndoo juu ya kigingi. Fundi wa helmeti, mgeni aliyekuja na ndege, alikaa chini akashika tama. Helmeti nyingine zingechukua miezi mitatu, na ndege zilitakiwa kuruka mbele ya rais siku nane baadaye, Kapteni akiongoza. Mkuu wa kambi alitaka kujua nani wa kulaumiwa.

"Mimi, afande," alisema binti. "Nilijua amri, nikakaa kitini."

Mkuu akamwambia kwamba siku hiyo ikipita bila ndege kuruka, atarudishwa kwenye ndege za mizigo, abebe magunia mpaka astaafu.

Seremala ndiye aliyemletea Sifuri habari. Jioni hiyo mzee hakugusa chakula.

"Mama Kapteni," alimwambia mkewe, "nimemharibia mtoto."

"Umemharibia kweli," alisema mkewe. Huyu mama alikuwa amefuma sweta za nusu ya kambi, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwacha akae na uchungu wake mpaka chai ikapoa, kisha akauliza, "Ulitoa nywele kiasi gani?"

Sifuri alijibu bila kufikiri. "Meja, vidole vyangu vilisoma kichana namba nne. Yule mrefu tatu, kisogoni mbili. Yule mnene nne. Mwanao sita juu, nne pembeni."

"Una uhakika?"

"Mke wangu, mimi sijui kitu kingine duniani."

Mama akapanga mezani vile vichana vya mashine ya kunyolea, vyenye namba, akaanza kulinganisha uzi navyo na kufuma. Kofia ya kwanza ilikuwa nene, akaifumua. Ya pili akaifumua huku akimtazama mumewe vibaya. Alhamisi kofia nne zilikuwa tayari, na Sifuri akazipeleka ofisini kwa Mkuu.

"Afande, yule mtoto alinikatalia. Mimi ndiye niliyemfunga mkanda. Kosa ni langu, na nywele zao ni hizi hapa."

Mkuu alizitazama zile kofia za sufu, akijipapasa kipara alichonyolewa na mzee huyo huyo. Fundi mgeni akazipima chini ya helmeti kwa mwanga wake mara mbili, akafuta kioo, akapima tena. Halafu akauliza zimetoka kiwanda gani.

Siku ya siku Kapteni aliongoza. Ndege zilipita kwanza, mlio ukafuata, na wageni wote wakatazama kule kwenye mlio ambako hapakuwa na kitu. Sifuri aliziona zote nne, akalia waziwazi mbele za watu. Mkewe alikuwa akinong'ona kwamba ule mshono wa kisogoni hakuukaza vizuri.

Tangu hapo ikaandikwa kwamba nywele za rubani hazikatwi bila ruhusa ya rubani mwenyewe. Sifuri alibandika karatasi hiyo juu ya kioo. Miezi minne ikapita, kofia zikavuliwa, nywele zikarudi zilivyokuwa na kuzidi, na asubuhi moja Kapteni akaja akakaa kwenye kile kiti.

Baba yake alisimama nyuma yake, mkanda ukining'inia bila kufungwa. Alikohoa.

"Nikukateje?"

Swali hilo binti hakuwahi kulisikia kwenye chumba kile.

"Punguza kidogo tu pembeni, Baba."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Sifuri. Akaweka kichana namba nne, akawasha mashine, akapunguza kidogo tu pembeni. Kapteni naye, mashine ilipowaka tu, alijifunga mkanda mwenyewe, akafumba macho, akaanza kunguruma kwa mdomo.