Ukuta wa Zahanati

Mwenzangu wa chuo cha uuguzi pale Tabora alizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi magharibi ya mkoa wetu, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Mimi ni mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Usoke. Tulilala kitanda cha juu na cha chini, tukala ugali sahani moja, na sikuwahi kumwona kama mtu wa kwingine mpaka siku aliponiambia anarudi kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, na kule wauguzi hawakupatikana.

"Kwenu wapi?" nilimuuliza. "Hujawahi hata kukanyaga."

"Ndiyo maana naenda, dada," akasema.

Baadaye shirika moja la misaada likanipa mkataba wa miezi michache nikamsaidie. Nikapanda treni ya Kigoma, ile inayofuata njia ya wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani, kisha nikavuka mpaka kwa gari. Zahanati yake ilikuwa juu ya kilima. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango imegeuzwa kuni, na kwenye ukuta wa nje kulikuwa na matundu ya risasi yaliyozibwa kwa udongo. Tulitibu chini ya turubai. Kulikuwa na watoto wakubwa wa kwenda shule ambao hawajawahi kupata chanjo hata moja.

Siku ya kwanza ya chanjo ya surua, akina mama walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Wakakaa kwenye majani. Afisa wa afya, aliyekuja na chanjo kutoka mjini, akashika kipaza sauti na kuwaambia wapange mstari ukutani, wenye watoto wachanga mbele. Mwenzangu alikuwa ndani akifungua kasha la barafu. Alipotoka mbio, mama mmoja alikuwa ameshaanza kukimbia, mtoto akirukaruka mgongoni. Kisha wakakimbia wote. Hakuna aliyepiga kelele. Waliteremka kilima kimya, na kandambili zao zikabaki uwanjani.

"Wana nini hawa?" afisa akauliza.

Mlinzi wetu, mzee wa pale pale, alijibu kwa Kirundi. Mwenzangu akanitafsiria kwa sauti ya chini.

"Anasema wakati wa vita watu waliitwa kwenye ukuta huu. Waliambiwa wapange mstari, watapewa dawa."

Afisa alirudi na chanjo zake, kwa kuwa hatukuwa na friji ya kuzihifadhi. Kabla hatujaletewa nyingine, surua ikaingia bondeni. Tulijua kwa kuwa watu walianza kuchimba makaburi mafupi kwenye migomba.

Chanjo zilipofika tena, tulizibeba sisi wenyewe nyumba kwa nyumba, tukishuka na kupanda huku barafu ikiyeyuka begani. Kwenye nyumba moja tulimkuta mama amempakata binti yake, macho mekundu, kifua kikipanda na kushuka haraka. Mwenzangu alimpokea mtoto akamnywesha maji kwa kijiko. Maji yakatoka pembeni mwa mdomo. Muda si mrefu yule mtoto akatulia mikononi mwake, na mama akaelewa kabla hatujasema neno.

"Kumbe mnaweza kuja mpaka nyumbani," mama alisema.

"Tunaweza."

"Basi mbona hamkuja?"

Mwenzangu alimsaidia kumwosha mtoto, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe. Kisha akapiga magoti, akaomba ruhusa ya kuwachanja wawili waliobaki. Mama aliwashika mikono yeye mwenyewe. Hakututazama.

Mkataba wangu ulipokwisha nikarudi Tabora, yeye akabaki. Masika iliyopita alikuja kumzika mama yake kule kwenye makazi. Nilimsindikiza stesheni. Alikuwa amekonda, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe.

"Tuna mabati sasa," aliniambia. "Na friji ya sola. Ila wafadhili wameondoka, dawa zinakuja zikipenda. Wauguzi niliowafundisha wamehamia mjini. Juzi mama mmoja amejifungua, damu ikamtoka mpaka asubuhi. Huyo alipona. Aliyemtangulia nilimfunika."

"Rudi nyumbani," nikasema. "Mama hayupo tena, lakini mimi nipo. Hata Nzega wanatafuta wakunga."

"Nyumbani." Alilisema taratibu, kama anayejaribu kiatu. "Nikija huku naitwa mkimbizi. Kule wananiita Mtanzania. Wanaoniita kwa jina langu ni wale wazazi wa wodini."

Treni ilichelewa, tukanunua karanga, hatukuzila. Ilipofika alinikumbatia kwa mkono mmoja, wa pili umeshika begi, akapanda. Alikaa upande wa pili wa behewa, ambako nisingeweza kumwona.