Paa Lililoizidi Nyumba Bei

Mume wangu alinunua nyumba Ufaransa kwa pesa ambazo wenzake wa ofisini walinunulia gari. Nalisema hili mwanzo, watu wasije wakadhani sisi ni matajiri. Ilikuwa nyumba kongwe ya mawe, huko shamba, kwenye kijiji chenye kanisa moja na duka moja la mikate, na ilikuwa rahisi kwa sababu ambayo sikuiuliza. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini hata aliyefika chuo kikuu akipata kitu rahisi humshukuru Mungu na kunyamaza.

Nilikwenda mara mbili alipokuwa hai. Mara ya kwanza nilivaa makoti mawili ndani ya nyumba. Mara ya pili nilivaa matatu. Yeye alikuwa akizunguka bustanini na koti lake la mvua na mabuti ya mpira kama mtoto aliyetoroka skuli. Baada ya hapo akawa anakwenda peke yake, na mimi nabaki kwetu Bawshar, Maskati, na kiyoyozi changu, nikijiona ndiye mwenye akili katika ndoa ile.

Alifariki Maskati, akazikwa siku ile ile. Kabla matanga hayajaisha wifi zangu walikuja wakaniuliza habari za nguo zake, nikasema zitolewe sadaka, kama inavyofanywa. Wakazikunja vizuri, wakazitia mifukoni, wakaondoka nazo. Nilipotoka eda nilifungua kabati, nikakuta limepigwa deki. Mtu hakubakisha hata soksi. Nilikuwa nimesema mwenyewe, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Usiku, au hata mchana nikiwa nachambua mchele, nilikuwa nalikumbuka lile koti la mvua lililobaki kwenye msumari kule Ufaransa. Nyumba nzima, kwangu mimi, ikawa ni koti lile.

Sasa jirani wa kule akampigia simu binti yangu, ambaye anajua Kifaransa kwa ajili ya kazi yake. Upepo umeangusha vigae, na paa limebonyea katikati. Yakipita majira mengine ya baridi, litaanguka lote, na kuta zitafuata.

"Shemeji, uza," alisema mdogo wake marehemu. "Mwenyewe hayupo, na wewe ukifungua friji tu unakohoa."

"Nyumba ni rasilimali," nikamjibu. Neno hilo nililisikia kwenye televisheni. Habari za koti sikumwambia.

Binti akaomba fundi wa paa wa huko alete bei. Ilipofika akaja chumbani kwangu na simu mkononi.

"Mama, kaa kwanza."

"Si nimekaa."

"Kaa vizuri."

Akanitajia. Nikamuuliza kama hiyo ni bei ya paa au ya nyumba.

"Paa peke yake, Mama. Nyumba Baba aliipata kwa nusu ya hapo."

"Basi waambie watupe na nyumba nyingine juu."

Hakucheka. Tukakata tikiti.

Fundi alikuwa mtu mzima, mkimya, na penseli nyuma ya sikio. Nilimkaribisha kama inavyopasa: kahawa ya iliki, tende, na halwa niliyoibeba kwenye begi kutoka Maskati. Akala halwa mara tatu, na mimi nikaona hapo tayari nimeshapunguziwa robo. Kisha akaanza kueleza, binti akitafsiri. Mbao za chini zimeoza. Vigae ni vya jiwe jeusi, jiwe linalopasuliwa jembamba kama mkate, na kila kimoja kinapigiliwa kwa mkono. Lazima kijengwe kiunzi cha kusimamia kuzunguka nyumba yote. Na kwa vile tuko karibu na kanisa la zamani, serikali ya kijiji hairuhusu jiwe la aina nyingine.

"Muulize," nikasema, "kwa nini wasiikate hiyo ncha ya juu, wakamwaga zege, ikawa bapa kama kwetu? Tutapata na pahala pa kuanika nguo."

Binti akanitazama. "Hilo silitafsiri."

"Basi mwambie nusu. Bei yake nusu."

"Mama, hapa watu hawapatani bei."

"Watu wote duniani wanapatana. Nyinyi tu ndio mmezaliwa kwenye mamoli, bei zimeshabandikwa."

Akamwambia. Yule fundi akatikisa kichwa pole pole, bila ya hasira. Nikafurahi, kwa sababu mchezo huu naujua. Miaka yote hii nimenunua kila kitu changu sokoni Matrah, na kule muuzaji akikataa unasema, "Haya, Mungu akubariki," unainuka, na unaondoka bila ya kugeuka nyuma. Hujafika duka la tatu, unamsikia anakuita. Hajapata kuniacha nikafika la nne.

Basi nikasema, "Haya, Mungu amsaidie," nikainuka, nikajifunga mtandio, nikatoka.

Nilikuwa nimeshafika barabarani, kwenye ua wa ng'ombe wa jirani, ndipo nilipotambua kwamba duka nililolitoka ni nyumba yangu mwenyewe. Muuzaji yuko ndani, anakula halwa yangu, na mimi mnunuzi niko nje kwenye matope. Kurudi niliona haya. Nikasimama nangoja kuitwa. Ng'ombe walikuja wote kwenye ua kunitazama. Baada ya muda gari la fundi likapita. Akapunguza mwendo, akanipungia mkono kwa adabu, akaenda zake.

Binti alinikuta bado nimesimama, na alikuwa amecheka mpaka macho yamevimba.

"Mama, unamwacha mgeni nyumbani kwako unakwenda zako! Ameniuliza umeudhika au umekwenda kusali."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia unasali."

"Na yeye kasemaje?"

Hapo akaacha kucheka. Fundi alikuwa na nafasi moja tu kabla ya baridi. Tusipomjibu siku hiyo angempa mtu mwingine, na sisi tungengoja mpaka mwaka wa pili. Paa lisingengoja.

Tukamfuata kwa gari mpaka karakana yake. Alikuwa anashusha mbao. Nilisimama mbele yake na viatu vimejaa matope, nikamwambia binti, "Mwambie nimeshamaliza kusali. Bei ni hiyo hiyo." Arubuni nikailipa pale pale. Kilichobaki kilitoka kwenye kiwanja kidogo cha Yiti, nje ya Maskati, alichotuachia marehemu. Watoto wangu walikubali kiuzwe, na sidhani wote walikubali kwa moyo.

Fundi alitoa sharti moja. Chumba cha juu na dari vitolewe kila kitu kabla ya yeye kuja asubuhi, kwa sababu ya vumbi na mawe yatakayoanguka.

Nikapanda mwenyewe, mara ya kwanza tangu tufike. Koti lilikuwepo kwenye msumari wake. Nilipolishika bega likabaki mkononi mwangu, limeoza. Maji yalikuwa yanateremka ukutani nyuma yake, na ndani lilikuwa limeota ukungu mpaka mifukoni. Halikuwa na harufu yake wala ya mtu yeyote. Nililikunja hivyo hivyo, nikalitia kwenye mfuko wa taka. Nilikuwa nimenunua paa la bei ile kuhifadhi kitu ambacho paa lenyewe lilikuwa limeshakila, na arubuni haina kurudi.

Ilibaki dari, ile nafasi ya chini ya paa. Sikuwahi kufika, ngazi yake ni ya kupanda kwa mikono. Nikatoa kichwa juu, nikaona ndoo. Ndoo, mabeseni, makopo ya rangi, kila moja limewekwa sawasawa chini ya tundu lake, na katikati, chini ya tundu kubwa kuliko yote, sufuria yangu ya pilau, ambayo nilikuwa nimewasingizia majirani kwamba waliiazima wakati wa harusi hawakuirudisha. Aliibeba toka Maskati mpaka Ufaransa kwenye begi.

Alikuwa anajua. Alikuwa anakwenda kule kumwaga maji, na mimi akiniambia anakwenda kupogoa mawaridi. Asingeweza kuniambia. Ningesema uza, na ningesema kila siku mpaka auze. Namjua huyo mwanamke, nimeishi naye.

"Mama, kuna nini huko juu?" binti aliita.

"Ndoo."

"Ndoo gani?"

Nikaishika ya kwanza, tukaanza kuziteremsha, mimi juu na yeye chini. Nyingine zilikuwa na maji, na zaidi ya moja nilimmwagia.

Asubuhi fundi alikuja na watu wake. Binti akanivuta pembeni. Alikuwa ameuona mfuko wa taka. "Mama, kama unataka kughairi, sema sasa. Arubuni tusamehe."

Nilitazama juu. Kwa kweli sikuwa tena na sababu hata moja ambayo ningeweza kumwambia shemeji.

"Mwambie aanze katikati," nikasema, "palipokuwa na sufuria."